Ndoo ya buluu chini ya meza

Mwezi wa pili shangazi yangu alikuja mjini kwenye harusi, akalala kwetu siku nne. Usiku wa pili yake, saa nne imeshapita, mie nipo uani nimechuchumaa na mswaki mkuukuu, mbele yangu beseni la maji ya bahari, ndani ya beseni jiwe la kwenye tangi langu la samaki, nasugua. Manyoya ya kijani yanatoka matonge matonge, nayakamua, nayatupa kwenye kopo la rangi. Jiwe la tatu hilo. Mgongo unauma.

Shangazi katoka kwenda chooni, kasimama ananitazama.

"We baba, unafanya nini usiku huu?"

"Natoa mwani, shangazi."

Akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. Huyu bibi analima mwani Paje tangu kilimo chenyewe kinaanza kule mwaka 1989, yeye akiwa msichana, na mpaka leo kila bamvua yumo majini na vigingi vyake na kamba zake. "Sisi kule tunaulilia hauoti, wewe huku unautupa! Si ungeniletea mie?"

Kisha akachota maji kwenye ndoo yangu ya buluu anawe miguu, akapaka sabuni, akasugua, akasugua tena.

"Maji gani haya hata povu hayatoi?"

Nikamwambia ya kisima, ndo haya haya nnayoongezea tangini kila siku.

"Mmh," akasema, akajimwagia, akaenda zake kulala.

Mie nikaendelea kusugua jiwe langu.

Ilinichukua wiki tatu kugeuza shingo nikaitazama ile ndoo.

Tangi lenyewe

Ni la lita 80 na sikulinunua. Mie fundi AC, kuna hoteli moja ya ufukweni nliwafanyia kazi wakawa wanavunja mapokezi yao ya zamani, nusu ya pesa wakanipa taslimu na nusu nyengine ikawa "chukua na tangi lile". Ndani samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mkanda mweupe, mawe yapata kilo kumi, matumbawe laini yanayocheza kama vidole, na vipande vitatu vya matumbawe magumu ambavyo nliambiwa vitakufa ndani ya mwezi. Havijafa.

Na kabla hamjaniandikia: sijachomoa kitu baharini na sintomchomolea mtu. Nshaulizwa mara nyingi mno. Matumbawe magumu yapo kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa dunia wa biashara ya viumbe walio hatarini, biashara yake ya kuvuka mipaka inataka vibali, na hata bila ya sheria, mtu anaishi Zanzibar akang'oe jiwe lililochukua miaka kukua akaliweke sebuleni Kwahani, hapana.

Vita

Hii sehemu ntapita mbio maana kila mwenye tangi la maji chumvi kaipitia.

Nikapunguza chakula, mara moja kwa siku, kibano kimoja cha vidole. Nikapunguza muda wa taa kuwaka, kutoka masaa kumi na moja kwa siku mpaka masaa saba. Nikatia konokono wanane, wakala siku ya kwanza kama wana deni, baadae wakawa wanakula vioo na kuyapita yale manyoya marefu kama hawayaoni (mwani ukishakuwa mrefu konokono wengi hawautaki, wanataka ule mchanga). Nikalifunika tangi giza siku tatu mfululizo kwa kanga ya mke wangu, ile iloandikwa *Mdhaniaye ndiye kumbe siye*, jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Nikafunua mwani umepauka umelala, nikafurahi, wiki mbili umerudi vilevile.

Ndipo nikaagiza dawa. Zile punje za rangi ya kutu, na kweli ni kutu, oksaidi ya chuma, unaziweka kwenye kifuko maji yanapita, zinanyonya fosfeti, moja ya mbolea zinazolisha mwani. Fosfeti yangu ilikuwa miligramu 0.25 kwa lita. Ndani ya siku tano kipimo kikasoma sifuri. Sifuri kabisa, maji kwenye kichupa meupe pe kama ya mvua. Nlipiga picha nikaweka status.

Siku ya kumi nikaamka nakuta kamasi.

Kamasi za kahawia, nyuzinyuzi, zimetanda juu ya mchanga na mawe na kila uzi una kiputo cha hewa kwenye ncha. Usiku zinapungua, taa zikiwaka zinarudi. Waliozoea wanawajua hawa, dainoflajeleti, vijiumbe vya chembe moja moja, na hawaji kwa uchafu, wanakuja pale ulipokausha kila kitu hata mwani wa kawaida ukakosa cha kula, wao ndo wanabaki na uwanja. Konokono wawili wakafa. Na matumbawe yangu yakaanza kupauka.

Hapo ndo nlipokaa chini kwa mara ya kwanza nikajiuliza nnachokitafuta hasa ni nini.

Maana tumbawe nalo linaishi kwa mwani. Ndani ya nyama yake mna vijiumbe vidogo vya jamii hiyohiyo ya mwani, zuzanteli, vinapika chakula kwa mwanga na sehemu kubwa ya chakula hicho ndo kinalilisha tumbawe. Rangi ile ya kahawia na ya kijani unayoiona ni yao. Mie nlikuwa nachukia mwani nje ya jiwe na kuunyima chakula, huku nikiunyima na ule wa ndani. Wengi wenye matangi wanaacha fosfeti iwe baina ya 0.03 na 0.1 hivi, na naitreti, mbolea ya pili ya mwani, miligramu chache kwa lita. Sifuri ni njaa. Na tena sifuri ya kipimo ina uongo wake, maana kama tangi limejaa manyoya basi fosfeti inayoingia inaliwa kabla hujaipima, unasoma sifuri huku unatazama mwani uloshiba.

Nikatoa ile dawa. Kamasi zikachukua karibu mwezi kuondoka. Manyoya yakarudi. Naitreti ikawa 20 na haishuki, nibadilishe maji nisibadilishe.

Wallahi nlifikiria kulitoa tangi bure.

Siku ya umeme

Kilichonifumbua macho ni kukatika kwa umeme. Sisemi ile ya 2009, wale waliokuwepo wanaikumbuka ile miezi mitatu ya giza, hii ilikuwa kutwa moja tu ya kawaida. Pampu nkaziunga kwenye betri ya gari kwa invata, lakini feni nikaiacha.

Kuna feni ndogo nimeifunga juu ya tangi, inapuliza usoni mwa maji. Kwa joto letu la kaskazi chumba kinafika nyuzi 31, na tangi likiachwa linafika huko huko, wakati matumbawe haya nayataka kwenye 26 au 27. Feni inashusha nyuzi tatu nne kwa sababu maji yakikauka yanaondoka na joto. Ni ule ule ufundi wa mtungi wa udongo. AC ndogo ya maskini.

Kwenye kioo nimechora alama ya wino. Kila jioni maji yameshuka chini ya alama, nachota kwenye ndoo ya buluu chini ya meza narejesha. Jioni ile ya bila umeme maji hayajashuka karibu hata kidogo, nikabaki na jagi mkononi, nimezoea kumimina na hakuna cha kumimina.

Nikaanza kuhesabu hapo hapo.

Kila siku natia lita mbili. Tangi lita 80. Kwaiyo kila siku arubaini nimemimina tangi zima la maji ya kisima. Na kinachopaa kwa ile feni ni maji matupu, chumvi haipai, naitreti haipai, chokaa haipai, hakuna kinachopaa. Kila kilichomo ndani ya ndoo kinaingia na hakitoki.

Nikapima ndoo. Miezi minane nimekuwa nikipima tangi kila Ijumaa na sijapata hata siku moja kupima ndoo.

Naitreti 40.

Fanya mwenyewe: lita mbili zenye miligramu 40 ni miligramu 80 kwenye lita 80, yaani kila siku naongeza moja nzima kwa kila lita. Hata nikibadilisha robo ya maji kila wiki mbili nakimbizana na ndoo yangu mwenyewe na ndoo inashinda. Mie huku nawanyima samaki chakula, na mbolea naimwaga kwa jagi.

Halafu nikapima ualkali wa ndoo hiyo hiyo, ile KH, yaani bikaboneti iliyomo majini kwa digrii, ikawa 14. Maji yetu yanatoka kwenye jiwe la matumbawe, sehemu kubwa ya kisiwa ni jiwe hilo, lazima yawe na chokaa. Ndo maana sabuni haitoi povu. Shangazi alikipima kisima changu kwa miguu yake, mie nikampa mgongo.

Pembeni kidogo

Hii haihusu samaki lakini sitaweza kuiruka.

Kisima chetu kipo uani. Karo la choo lipo uani. La jirani lipo nyuma ya ukuta. Hakuna asiyejua nyumba zetu za Ng'ambo zilivyo. Naitreti kwenye kisima haishuki kutoka mbinguni, na Shirika la Afya Duniani kikomo chao kwa maji ya kunywa ni miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaokunywa maziwa ya unga. Sisi tuna mtoto wa miezi saba. Maji ya kunywa tunanunua, alhamdulillahi, lakini uji wake ulikuwa unapikwa kwa ya kisima, "si yanachemka". Kuchemsha kunaua vijidudu, naitreti hakuigusi, maji yakipungua sufuriani ndo kwanza inakolea, mchezo ule ule wa feni.

Siku hiyo hiyo tukaacha. Mke wangu akaniuliza kipimo nlikinunua lini. Nikamwambia mwezi wa sita mwaka jana. Hakusema kitu, na kutosema kwake nnakujua.

Fundi AC na maji yake ya bure

Sasa nataka maji yasiyo na kitu. Mie fundi AC! Kila siku nashinda chini ya mpira unaodondosha maji safi kabisa, mvuke wa hewa ulogeuka maji kwenye koili, hauna chokaa, hauna naitreti. Nikaweka dumu chini ya AC ya ofisi moja nnayoihudumia, jioni lita kumi. Nikatia mita ya TDS, inayopima jumla ya vitu viloyeyuka majini, ikasoma 8. Kisima kinasoma mia sita na kitu. Nlicheka peke yangu barabarani.

Siku sita baadae konokono wote wamelala chali.

Kama kuna mtu duniani alitakiwa ajue koili ya AC imetengenezwa kwa nini, ni mie. Mabomba ya shaba! Nayachomelea kwa mikono yangu! Maji yale laini yasiyo na kitu yana njaa, yanapita juu ya shaba na mapezi ya alumini na vumbi na yale madawa tunayosafishia, yanabeba kidogo kidogo. Na shaba ndo sumu ya konokono, kamba, na matumbawe, kiasi ambacho samaki wala hakisikii. Mita ya TDS haina kosa, ilinambia kuna 8, haikunambia 8 za nini, mie ndo sikuuliza.

Nikabadilisha nusu ya maji usiku ule, na kesho yake nusu tena, nikatia kaboni ya filta. Matumbawe laini yalijifunga siku tisa. Siku ya kumi kidole kimoja kikafunguka. Nliita nyumba nzima waje waone kidole.

Jirani akashauri maji ya mvua. Fikra nzuri, ila bati zetu zimepakwa zinki na zinki nayo ni ndugu yake shaba kwa konokono, sikurudia kosa mara mbili. Mwisho nikaenda pale wanapojaza maji ya kunywa kwa mtambo wa RO, ule unaochuja maji mpaka madini yanatoka, nikamuomba kijana anipe yale ya kabla hawajarudisha madini. Alinitazama kama nimemuomba damu. Sasa kila Jumatatu madumu mawili, TDS 11, ndoo ya buluu nimeiosha naitumia ile ile.

Naitreti ikaanza kushuka. 20, 14, 9. Manyoya yakaacha kurefuka, konokono wapya wakayafikia. Nikasema basi, yamekwisha.

Kumbe ndoo ile ilikuwa inalisha

Wiki moja na nusu. KH kutoka 8.5 mpaka 5.5.

Na hapa ndo pananisumbua mpaka leo, ndo sababu ya kuandika yote haya. Miezi yote ile nlikuwa najisifu kwamba ualkali wangu umetulia wenyewe, siongezi kitu, matumbawe magumu yanakua, nikajiona nina mkono wa baraka. Kumbe tumbawe linavojenga mifupa yake linachukua kalsiamu na bikaboneti kwenye maji, na kile lilichokuwa linakila kila siku, kama 0.3 hivi ya KH, ndo hicho hicho ndoo ya kisima ilikuwa inakirudisha. Lita mbili za KH 14 kwenye lita 80, piga hesabu, 0.35. Sadfa tupu. Ndoo moja ilikuwa inatia sumu kwa mkono huu na inatia tofali kwa mkono ule, nlipoiondoa nikaondoa vyote viwili, ncha za matumbawe zikaanza kuchubuka.

Mara ya kwanza nkarekebisha kwa soda ya kuokea mikate. Kijiko kimoja cha chai kwa tangi kama langu kinapandisha KH kama 2.5, na nikakitia chote kwa mara moja maana mie mtu wa haraka. Msifanye. Digrii moja kwa siku inatosha, matumbawe yangu yalikunja nyuso siku mbili. Na soda inapandisha ualkali peke yake, kalsiamu inabaki nyuma, wakati tumbawe linavichukua pamoja kwa uwiano: kila KH digrii 2.8, kalsiamu miligramu 20 kwa lita. Ukitia kimoja bila ya chengine mizani inalalia upande. (Magnesiamu nayo ina lake, ikiwa chini ya miligramu 1250 kwa lita hivi kalsiamu na bikaboneti zinashikana majini zinaanguka kama unga na hakuna anayefaidi. Yangu ilikuwa 1300, nikashukuru nikaiacha.)

Kinachovitia vyote viwili pamoja ni chokaa.

Chokaa, hii hii. Niliposoma nilikaa kimya. Mtoto wa mjini mie, nimezaliwa kwenye nyumba ya mawe na chokaa, bibi yangu alikuwa na kikopo cha chokaa ya tambuu pembeni ya kitanda mpaka anakufa. Chokaa yetu ni jiwe la matumbawe lilochomwa kwenye tanuri, moto unaitoa hewa ya ukaa, inabaki chokaa kali, ukiimwagia maji inachemka na kupasuka inakuwa ile laini. Na mie sasa naikoroga kwenye maji ya RO, naidondosha tangini, inakutana na ile hewa ya ukaa iliyotolewa na samaki wanapopumua, inarudi kuwa bikaboneti na kalsiamu, na tumbawe linaichukua linaifanya jiwe. Lilikotoka. Safari nzima, kutoka mwambani mpaka tanurini mpaka ukutani mpaka kwenye kikopo cha bibi, na mlango wa kurudi upo, na upo kwenye ndoo ya sebuleni.

Ya tambuu sikuitumia lakini, sijui ina nini ndani. Nliagiza unga safi wa kiwango cha chakula kutoka Dar. Kiasi ni kidogo kinachekesha, theluthi ya gramu kwa siku kwa tangi langu, napimia mizani ya sonara. Maji ya chokaa yaliyokolea ni makali, pH kama 12, yanaunguza macho na ukiyamimina kwa mkupuo unaua, kwaiyo nimenunua mpira wa dripu pale famasi, nimetundika chupa msumarini, tone moja moja usiku kucha. Usiku maana taa zikizimwa mwani unaacha kuvuta hewa ya ukaa na pH inashuka, chokaa inaiinua. Mwanangu akiamka usiku anatambaa mpaka pale anaangalia matone. Mgeni wetu mmoja aliuliza nani anaumwa.

KH leo 8.1. Jana 8.1. Juzi 8.2.

Manyoya yapo, kidogo, nyuma ya jiwe la kushoto. Nimeyaacha.

Chukwani, alfajiri

Maji ya kubadilishia nateka baharini, na hapo nako nina mashaka. Zamani nlikuwa nachota Forodhani maana ni karibu. Maji machafu ya Mji Mkongwe miaka na miaka yanaingia pale pale baharini bila ya kusafishwa, sote tunajua, tunakula urojo tunatazama jua linazama juu yake. Siku hizi nakwenda Chukwani, maji yakijaa, siku za bamvua, na masika siteki kabisa mpaka zipite siku kadhaa bila mvua.

Nlipelekwa Chumbe nikiwa skuli. Upande wa magharibi wa kisiwa kile pamefungwa uvuvi tangu 1994, na nnachokikumbuka ni kelele: pono wanatafuna mawe, unawasikia ukizamisha kichwa, kra kra kra. Kangaja makundi makundi wanachunga kama mbuzi. Mawe masafi. Kisha nafikiria miamba ya karibu na mji, ndoo inamiminwa kila siku kutoka kwetu sote, na konokono tumekula, na pono na tasi na kangaja wapo sokoni juu ya meza wamemwagiwa maji wang'ae. Nani atayasugua yale mawe? Na mswaki gani?

Sina jibu. Mie mwenyewe tasi wa kukaanga nampenda.

Paje

Mwezi wa tatu shangazi alinipigia. Kotonii, aina moja ya mwani anaolima, zimeanza tena kuwa nyeupe, mashina yanakatika yanaelea. Anataka nije na "kile kipimo chako cha joto cha samaki".

Nikaenda siku ya bamvua. Saa tano asubuhi maji yametoka mbali kabisa, tukatembea mpaka kwenye kamba zake, maji yanafika chini ya goti. Spinosumu, aina yake ya pili, bado ina uhai, ile kotonii anayolipwa zaidi imepauka kama mifupa ya kuku, ukiishika inavunjika bila sauti. Maji mazuri. Meupe, mchanga unaonekana, nikipima naitreti hapa nna hakika sitopata kitu. Kila nlichokihangaikia miezi kumi kukipata, huyu bibi anacho bure, na mwani wake unakufa.

Nikatia kipimo baina ya kamba mbili, nikasubiri.

"Ngapi?"

"Thelathini na nne, shangazi."

"Na lako la nyumbani?"

"Ishirini na sita na nusu."

Akafikiri kidogo, maji yanamzunguka magoti.

"Kwa ile feni."

"Kwa ile feni, ndio."

Akacheka, lakini si kama alivocheka uani. Akachukua taitai, uzi wa kufungia mwani, mdomoni, akainama, akafunga shina jengine.